Roho Iliyoibiwa: Wahmong katika Hadithi za Ajabu za Watoto

Hapana taifa lisilo na visa vya ajabu, na ni nadra mtoto kuvisoma vitabuni kabla ya kuvisikia nyumbani. Sauti ya bibi hutangulia, maandishi hufuata. Mtoto mwenye bahati huyakuta maandishi yakiafikiana na sauti ile: zimwi aliloambiwa usiku hulikuta limechorwa katika kitabu cha shule, naye hufahamu kuwa nyumba yao na shule yao zimo katika dunia moja. Wako watoto wengine wasiopata bahati hiyo. Waliyoyasikia nyumbani hawakuyaona katika kitabu chochote, wakajifunza mapema kuigawa dunia yao mafungu mawili, fungu la kusemwa mbele za watu na fungu la kunyamaziwa. Watoto wa Wahmong waliokulia Marekani walikuwa katika hali hiyo kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo riwaya ya Lori M. Lee, *Pahua and the Soul Stealer*, yaani Pahua na Mwizi wa Roho, iliyotolewa mwaka wa 2021, yastahili kupimwa kwa makini kuliko zinavyopimwa aghalabu riwaya za kuwafurahisha watoto.

Wahmong ni watu wa milimani. Makao yao ya kale yalikuwa China ya kusini, na kutoka huko wengine wao walishuka wakaenea Vietnam, Laos na Thailand. Katika vita vya Laos wengi wao walipigana upande wa Marekani chini ya Jenerali Vang Pao, wakipewa silaha na shirika la ujasusi la nchi hiyo kwa siri. Mwaka wa 1975 upande huo ulishindwa. Maelfu walikimbia, wakauvuka mto Mekong kwa ngalawa, kwa vyelezo vya mianzi au kwa kuogelea, na wengi walikufa maji. Waliofika ng'ambo walikaa katika kambi za wakimbizi nchini Thailand, kama ile ya Ban Vinai, kisha wakapelekwa nchi za mbali. Leo Wahmong walioko Marekani wamepita laki tatu, na walio wengi wamo katika majimbo ya California, Minnesota na Wisconsin. Lori M. Lee mwenyewe alizaliwa katika milima ya Laos, akakaa kambini Thailand, akafikishwa Marekani akiwa na umri wa miaka mitatu.

Kabla ya riwaya hii vilikuwapo vitabu vya watoto vilivyowataja Wahmong. Mwaka wa 1989 kilitoka *Nine-in-One, Grr! Grr!*, ngano iliyosimuliwa na Blia Xiong pamoja na Cathy Spagnoli, ihusuyo chui milia aliyeahidiwa na mungu kuzaa watoto tisa kila mwaka, na ndege aliyemfanya aisahau ahadi hiyo. Mwaka wa 1996 kilifuata *Dia's Story Cloth* cha Dia Cha, kielezacho safari ya ukimbizi kwa picha zilizotariziwa juu ya kitambaa, sanaa ambayo Wahmong waliistawisha katika kambi za Thailand. Vitabu hivi ni vizuri, na heshima yake haipungui kwa kusema kuwa kila kimoja kilimwonyesha mtoto wa Kihmong sura moja tu. Katika cha kwanza anaona zama za kale ambapo wanyama husema, na katika cha pili anaona vita na mateso ya wazee wake. Mtoto aliyezaliwa katika mji wa Wisconsin, aendaye shule kwa basi na kumlea ndugu yake mdogo, hakuwamo katika hicho wala katika hiki. Aliwekwa kati ya ngano na historia, na mahali hapo palikuwa patupu.

Hata hivyo kitabu kilichowajulisha Wahmong kwa wasomaji wengi wa Marekani hakikuandikiwa watoto, wala hakikuandikwa na Mhmong. Nacho ni *The Spirit Catches You and You Fall Down* cha Anne Fadiman, kilichotolewa mwaka wa 1997. Kinasimulia habari za kweli za Lia Lee, mtoto wa Kihmong wa mji wa Merced, California, aliyezaliwa mwaka wa 1982 akapatwa na kifafa angali mchanga. Waganga wa hospitali waliona hitilafu ya ubongo. Wazazi waliona kuwa roho ya mtoto ilishtushwa na kishindo cha mlango uliobamizwa, ikakimbia. Pande zote mbili zilimpenda mtoto, na hapana upande ulioielewa lugha ya upande wa pili. Mwaka wa 1986 mtoto alishikwa na degedege kubwa lililomwondolea fahamu, asirudiwe nazo mpaka alipokufa mwaka wa 2012. Fadiman aliandika kwa huruma na kwa haki. Lakini mtoto aliye katikati ya kitabu chake ni mtoto aliyelala, na wasemao juu yake ni watu wazima.

Msomaji akiviweka vitabu hivi viwili pamoja, cha Fadiman na cha Lee, ataona kuwa vinazunguka jambo lile lile moja: mtoto ameugua, na nyumbani inaaminiwa kuwa roho yake imetoka. Tofauti ni kwamba katika riwaya ya Lee mtoto mwingine anasimama kwenda kuitafuta. Pahua Moua ni msichana wa miaka kumi na mmoja, anayeishi katika mji mdogo ambamo wa asili ya Asia hawapatikani. Ana kipawa cha kuziona roho ambazo wengine hawazioni, na rafiki yake wa pekee ni roho yenye umbo la paka, jina lake Miv. Kwa kutaka kupendwa na watoto wenziwe anajiingiza katika mambo ya daraja la msituni linaloogopwa, na bila ya kukusudia anaifungulia roho yenye hasira iliyokuwa imefungwa huko. Baada ya hapo ndugu yake mdogo, Matt, anaanguka mgonjwa. Pahua anatambua kuwa roho yake imeibiwa. Anatwaa vyombo vya uganga vya shangazi yake na kujaribu kutenda asiyoyafundishwa, akaleta shetani badala ya msaada. Hapo ndipo anapokutana na Zhong, msichana anayefundishwa uganga wa kupigana, nao wanasafiri pamoja katika ulimwengu wa roho.

Sifa ya kwanza ya riwaya hii ni kwamba imani ya Wahmong ndiyo inayokisukuma kisa. Wako waandishi wengi wanaovika utamaduni juu ya hadithi kama nguo juu ya mwili: jina la kigeni hapa, chakula cha kigeni pale, na vazi la sikukuu penye karamu. Ukiivua nguo hiyo hadithi inabaki ilivyokuwa. Haiwezekani kufanya hivyo hapa. Kwa Wahmong mtu ana roho zaidi ya moja, na roho yaweza kumwacha mwenyewe kwa hofu, kwa huzuni, kwa kupotea njiani au kwa kunaswa. Inapotoka mtu huugua. Wa nyumbani huiita irudi: mlango hufunguliwa, mayai na kuku huandaliwa, jina hutajwa, na nyuzi hufungwa katika kifundo cha mkono ili roho isiondoke tena. Ikiwa haikurudi huitwa mganga, ambaye kwa Kihmong ni *txiv neeb*. Huyu hufunikwa uso, huketi juu ya benchi lililo farasi wake, upatu hupigwa, naye husafiri katika ulimwengu usioonekana kuifuata. Ondoa imani hii, na riwaya ya Pahua haina ugonjwa, haina safari, wala haina mwisho.

Hapa msomaji wa Kiswahili yampasa ajihadhari na maneno ya lugha yake mwenyewe. Neno la Kihmong *dab* likifasiriwa pepo, na *txiv neeb* akifasiriwa mganga, mawazo ya msomaji wa pwani hukimbilia mara moja kwenye ngoma ya kupunga. Lakini mwendo wa mambo haya mawili si mmoja. Katika uganga wa pepo wa pwani pepo humpanda mtu, na mtu huitwa kiti; kilichoingia ndicho kinachotafutiwa dawa. Katika uganga wa roho wa Kihmong jambo kubwa ni kile kilichotoka. Mganga hujipandia farasi wake kwenda kukileta, akisaidiwa na roho zilizomchagua. Mgonjwa wa pwani amejaliwa mgeni nyumbani mwake. Mgonjwa wa Kihmong nyumba yake imehamwa. Tofauti hii ndiyo inayoipa riwaya ya Lee huzuni yake ya ndani. Pahua hapigani kumtoa adui katika mwili wa ndugu yake. Anamwona ndugu yake amelala kama nyumba tupu, na anajua kuwa mwenye nyumba yuko mahali fulani, mbali, peke yake, na huenda anaogopa. Mkimbizi yeyote aliyepoteza jamaa njiani ataifahamu hofu hiyo bila ya kufafanuliwa.

Sifa ya pili ni kuchaguliwa kwa Pahua. Riwaya za ajabu za Kizungu zimezoea mno kumtwaa mtoto anayedharauliwa na kumfunulia kuwa ndiye aliyengojewa na ulimwengu. Mhakiki mwepesi wa kulaumu atasema kuwa Lee ameazima desturi hiyo. Lakini kwa Wahmong mtu hajifanyi mganga kwa kupenda. Roho za uganga humchagua, mwanamume au mwanamke, na mara nyingi dalili ya kuchaguliwa ni maradhi yasiyopona mpaka aukubali wito. Kuona yasiyoonwa na wengine, kutengwa na upweke, mambo ambayo shuleni yanamfanya Pahua kuwa kichekesho, katika nyumba ya mkongwe wa Kihmong yangalitazamwa kwa macho mengine kabisa. Kwa hiyo mwandishi hakulazimika kuipinda mila ili iingie katika riwaya. Alikuta mahali ambapo desturi ya riwaya na mila ya watu wake zinapeana mkono, akajenga hapo. Huu ni ustadi, na wastahili kusifiwa.

Lakini sifa hizi hazizuii kutaja upungufu. Riwaya hii ilitolewa katika mfululizo wa vitabu unaosimamiwa na Rick Riordan, mwandishi aliyepata umaarufu kwa visa vya Percy Jackson, ambavyo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 2005. Mfululizo huo ulianza mwaka wa 2018 kwa nia njema ya kuwapa nafasi waandishi wa mataifa mbalimbali waandike visa vya ajabu vya kwao wenyewe. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Roshani Chokshi, kilichotumia masimulizi ya Kihindi. Mwaka wa 2019 Kwame Mbalia alimleta Anansi wa Afrika ya Magharibi. Mlango uliofunguliwa ni mpana, lakini kizingiti chake ni kile kile. Kila aingiaye anatazamiwa kuleta mtoto wa makamo yale yale, mzaha wa namna ile ile, rafiki wa safari, na mapigano baada ya mapigano hadi adui mkuu. Riwaya ya Pahua imeukubali mwendo huo, na sehemu kubwa ya safari yake hupita katika kupigana.

Yafaa kuuliza kilichopotea kwa kukubali huko. *Txiv neeb* wa kweli si askari. Kazi yake hasa ni ya mjumbe na mpatanishi. Huuliza roho iko wapi, hutupa pembe zilizopasuliwa na kulisoma jibu kwa jinsi zilivyoanguka, husihi, hubembeleza, huahidi. Aghalabu roho ya nguruwe au ya kuku hutolewa badala ya roho ya mtu, na hesabu hulipwa. Nyuma ya yote hayo mna wazo zito: kwamba mtu hukaa katika ulimwengu pamoja na jirani wasioonekana, na kwamba akiwakosea, dawa ni kutengeneza ujirani, si kuwaua jirani. Riwaya ambayo kisa chake kinaanza kwa roho iliyofungwa na kukasirika ilikuwa na nafasi nzuri ya kulionyesha wazo hili kwa ukamilifu. Inaligusa, kisha mara nyingi inalipita kwa haraka, kwa kuwa mapigano mengine yanangoja katika sura inayofuata.

Haki inataka jambo moja liongezwe. Mapigano si mageni kabisa katika masimulizi ya Wahmong. Shee Yee, mganga wa kwanza, ambaye jina lake limo katika riwaya hii, husimuliwa kuwa alipambana na mashetani tisa, ndugu, waliokula watu. Lakini hakuwashinda kwa upanga. Alijigeuza, nao wakajigeuza, umbo baada ya umbo, mpaka akili yake ikaipita nguvu yao. Ni ushindi wa mdogo juu ya mkubwa, wa namna ambayo wasimulizi wa visa vya sungura wanaijua sana, na ni ushindi uliofaa kukumbukwa na watu waliosukumwa na madola kutoka mlima mmoja hadi mlima mwingine. Pahua anapoutumia werevu wake na huruma yake anakuwa mrithi halali wa Shee Yee. Anapopigana kama shujaa yeyote wa mfululizo ule anakuwa mrithi wa watu wengine.

Liko pia swali zito kuliko la ufundi. Riordan alipoandika juu ya Zeus na Poseidon aliandika juu ya miungu ambayo mahekalu yake yamekuwa magofu kwa karne nyingi. Imani ya Wahmong haijawa gofu. Siku za mapumziko, katika nyumba za miji ya Saint Paul na Fresno, upatu hupigwa na roho huitwa. Mwaka wa 2009 hospitali moja ya mji ule ule wa Merced iliweka utaratibu wa kuwaruhusu waganga wa Kihmong kuwahudumia wagonjwa vitandani kwa baadhi ya ibada zao. Mambo yaliyo hai namna hii yakiwekwa katika rafu ya visa vya ajabu, je, hayadharauliwi? Je, mtoto asiye Mhmong hatadhani kuwa imani ya jirani yake ni mchezo wa kubuni tu, sawa na joka litoalo moto?

Hatari hiyo ipo na haifai kufunikwa. Lakini kimya nacho kina hatari yake, na kimya ndicho kilichokuwapo kabla. Mtoto wa Kihmong hakuwa akichagua kati ya kitabu kinachoiheshimu imani ya bibi yake kikamilifu na kitabu kinachoichezea. Alikuwa akichagua kati ya kitabu hiki na kutokuwapo kabisa. Tena wako Wahmong wengi ambao familia zao zimeingia Ukristo, na watoto wao huenda hawajapata kumwona mganga juu ya benchi lake. Kwao riwaya hii yaweza kuwa mahali pa kwanza wanapokuta kwa mapana habari za wazee wao. Kinachomwokoa Lee katika jambo hili ni kwamba, ijapokuwa anacheka mara kwa mara, hacheki hofu ya dada kwa ajili ya ndugu yake. Penye ugonjwa wa Matt kitabu hakifanyi mzaha. Msomaji mdogo, wa taifa lolote, ataondoka akijua kuwa kuitafuta roho iliyopotea ni tendo la upendo. Akishalijua hilo, si rahisi tena kumdhihaki jirani anayefungwa uzi mkononi.

Hata majina yana somo lake. Kihmong ni lugha ya tuni, na maandishi yake ya herufi za Kirumi, yaliyotungwa huko Laos kati ya mwaka wa 1951 na 1953, huionyesha tuni kwa herufi ya mwisho wa neno, ambayo haitamkwi. Lee ameyaandika majina mengine kwa namna iliyo nyepesi kwa mgeni, kama Pahua na Shee Yee. Lakini paka ameitwa Miv, ambalo ndilo neno la Kihmong la paka kwa tahajia yake yenyewe. Msomaji mgeni ataitamka *v* ile, wala hasomi vibaya kwa kadiri ajuavyo. Mtoto aliyefundishwa kuandika Kihmong ataona kuwa *v* ile si sauti ya mdomo bali ni alama ya sauti inayopanda. Ni jambo dogo sana, lakini kwa mara moja mtoto huyo ndiye ajuaye, na darasa zima ndilo linalohitaji kufundishwa.

Basi hukumu ya riwaya hii isiwe ya kusifu mno wala ya kubeza. Imeuleta ugonjwa wa roho kutoka katika kitabu cha madaktari na wazazi waliokuwa wakibishana juu ya mtoto aliyelala, ikaukabidhi kwa mtoto anayetembea, anayekosea, anayetubu na anayekwenda kutafuta. Kazi hiyo ilikuwa haijatendwa kwa namna hii katika riwaya za ajabu za watoto zilizojulikana Marekani, na imetendwa kwa moyo. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi imekwenda kwa mwendo wa farasi wa mtu mwingine. Waandishi wa Kihmong watakaofuata hawatahitaji tena kuthibitisha kuwa watu wao wanafaa kuwa katika visa vya ajabu. Wataweza kuuliza swali lililobaki: kisa cha ajabu kingekuwaje kama kingesimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wa *txiv neeb*, ambaye huenda mbali, huuliza njia, hulipa deni, na kumrudisha mgonjwa nyumbani pasipo kumuua mtu.